Miraba ileile, mablanketi tofauti: namna mpangilio wa viraka unavyofanya kazi

Jumamosi moja tulitandika mikeka miwili uani kwa hajati mmoja hapa Walukuba, Jinja, tukapanga juu yake miraba 24 ya viraka. Kila mraba ulikuwa umeshashonwa, inchi 12 kwa 12. Blanketi lilikuwa la mjukuu wake anayekwenda kusoma bweni Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya usiku haibembelezi mtu. Ukubwa tulishaupigia hesabu: miraba minne kwa upana, sita kwa urefu, yaani futi 4 kwa 6. Linafunika godoro la deka, kitanda cha ghorofa cha bweni, na kuning'inia kidogo pembeni.

Kushona miraba kulituchukua wiki tatu. Kuipanga tulidhani ni kazi ya nusu saa. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunageuza huu, tunainua ule, na kila mtu ana jicho lake.

Sababu ya kukwama inahesabika. Mraba mmoja unaweza kukaa kwa namna nne, kwa kuwa kila ukiuzungusha robo unaonyesha sura nyingine. Miraba miwili, namna 16. Minne, namna 256. Ukifika miraba 24, namna zinapita trilioni 281, na hapo sijagusa kubadilishana nafasi. Nimehesabu kuuzungusha tu kila mraba palepale ulipo. Katika bahari hiyo, kubahatisha hakumfikishi mtu popote. Nimeona akina mama wengi wakichoka, wakishona vyovyote vilivyo, kisha wakasema hawakuzaliwa na jicho la rangi. Mimi sikubali. Kuna kanuni moja ambayo ukiishika, trilioni 281 zinashuka hadi 1,024, na hizo 1,024 unaziongoza kwa herufi kumi zilizoandikwa kwa chaki.

Tuanze na mraba wenyewe.

Miraba yetu ni ya kanda. Unaanza na kipande kidogo cha katikati, inchi 2. Unashona ukanda wa rangi nyepesi upande mmoja, unauzungusha mraba robo, unashona ukanda mwepesi wa pili. Unazungusha, ukanda wa rangi iliyokolea. Unazungusha, wa kukolea tena. Mzunguko mmoja umekamilika. Ukifanya mizunguko mitano kwa kanda zenye upana wa inchi 1 baada ya kushonwa, umetumia kanda 20 na mraba umefika inchi 12. Kwa kuwa nyepesi zimekaa daima pande mbili zinazopakana, na zilizokolea pande mbili zilizobaki, mraba mzima unaonekana kama umekatwa kwa mshazari: nusu mwanga, nusu giza. Hajati ndiye aliyeanza kuziita hivyo, mwanga na giza, na maneno hayo yakatukaa.

Huko Marekani mraba wa aina hii ulienea sana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanaufananisha na nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, na kipande cha katikati mara nyingi hukifanya chekundu, wakisema ni moto wa jikoni. Sisi cha katikati tulikata kwenye lesu moja kuukuu ya manjano, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

Kitu kimoja hapa hakina msamaha, nacho ni upana wa mshono. Ukanda unakatwa inchi 1 na nusu ili robo inchi iingie kwenye mshono kila upande. Fundi wa gomesi amezoea kuacha mshono mpana, maana gauni huenda likapanuliwa kesho. Kwenye mraba wa kanda mazoea hayo yanaharibu kazi. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kuna mishono kumi. Kila mshono ukila zaidi sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi kwenye kila kipande, mraba wa inchi 12 unatoka inchi 10 na robo tatu. Weka mraba huo kando ya mwenzake aliyeshonwa sawasawa, hakuna mpangilio utakaouokoa. Bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, na usikitoe mpaka miraba yote iishe.

Mtu asiye na subira ya kanda 20 anaweza kushona pembetatu mbili tu, moja ya giza na moja ya mwanga, zikafanya mraba mmoja. Kwa habari ya mpangilio, ni kitu kilekile. Yote nitakayosema kuhusu mraba wa kanda yanaushika na huo.

Giza na mwanga kwenye kitenge

Hapa ndipo nilipoharibu blanketi langu la kwanza. Nilitenga vitambaa kwa rangi: vyekundu huku, vya bluu kule, vya kijani pale. Nikashona nusu nyekundu, nusu bluu, nikapanga vizuri, nikaunganisha, nikalitundika kwenye kamba. Umbo lilikuwa limepotea. Ukisimama hatua kumi huoni almasi wala mistari, unaona fujo. Nyekundu nyingine zilikuwa nzito kuliko bluu, nyingine nyepesi kuliko bluu, na jicho likiwa mbali husoma kwanza uzito wa giza, ndipo lisome jina la rangi.

Kitenge kinafanya jambo hili liwe gumu kuliko kitambaa cha rangi moja. Kipande kimoja kina maua meupe makubwa juu ya buluu nzito, kingine kina duara za manjano na mishipa myeusi. Ni giza au ni mwanga? Jibu linategemea unakikata wapi. Mchoro mkubwa ukiukata kanda za inchi 1 na nusu, ukanda mmoja utaangukia kwenye ua, unaofuata kwenye buluu. Kwa hiyo mimi siamui kabla ya kukata. Nakata kwanza, kisha naupeleka kila ukanda kwenye fungu lake.

Njia ya kupima ni kufumba macho nusu na kutazama kupitia kope. Kilichobaki kimeonekana ni mwanga. Simu inasaidia zaidi: panga kanda zote mkekani, piga picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Utashangaa ni kanda ngapi zilizokuwa zinakudanganya, hasa za manjano ya dhahabu, za chungwa, na zile nyekundu zinazowaka. Zile ambazo hazieleweki, za katikati, zitoe kabisa au uzifanye vipande vya katikati. Usizionee huruma ukaziingiza. Ukanda mmoja wa katikati kwenye mzunguko wa mwisho unatosha kuufuta ukingo wa mraba mzima, na ukingo ndio kila kitu, kama tutakavyoona.

Jambo moja nililojifunza kwa fundi wa hapa mjini: kitenge cha bei nafuu huchapwa upande mmoja tu, na mgongo wake umepauka. Mgongo huo ni mwanga wa bure. Ukiishiwa na vipande vyepesi, na mafungu ya mafundi karibu daima yamejaa giza, pindua. Kitenge kilichochapwa kwa nta hakikupi nafasi hiyo kwa sababu rangi imepenya pande zote mbili.

Vipande tunavipata kwa mafundi wa barazani. Wanavijaza kwenye kavera, mifuko ya plastiki, na wengi wanafurahi kuondolewa takataka. Anayekwenda Kampala apite Kiyembe, mtaa wa vitambaa, aombe kwa mafundi walioko pale. Chagua pamba. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na ndugu zake zinayeyuka na kugeuka kidonge kigumu. Hariri ya bandia iliyobaki kwenye gomesi inapendeza machoni, lakini inateleza kwenye sindano, inakunjamana chini ya pasi ya mkaa, na inavuta pamba iliyo jirani yake. Na ufue kila kitu kabla ya kukata. Rangi inayochuja ichuje kwenye beseni.

Kanuni ya ukingo

Sasa utazame mraba mmoja, usahau kilicho ndani, uangalie kingo zake nne tu. Mbili ni giza, mbili ni mwanga, na zile za giza zinapakana. Maana yake ni kwamba ukingo wa kushoto na wa kulia havifanani kamwe: kushoto kukiwa giza, kulia ni mwanga. Juu na chini vivyo hivyo. Uzungushe utakavyo, hali haibadiliki.

Kanuni yenyewe ni hii: giza liguse giza, mwanga uguse mwanga.

Ukiifuata, tazama kinachotokea kwenye safu moja ya mlalo. Mraba wa kwanza umeanza na mwanga kushoto, basi kulia ni giza. Wa pili lazima uanze na giza, umalizie kwa mwanga. Wa tatu uanze na mwanga. Safu nzima imeshajipanga kwa sababu ya ukingo mmoja tu, ule wa mwanzo. Kadhalika safu ya wima: ukishajua ukingo wa juu kabisa, kushuka hadi chini kunajulikana. Na mraba ambao umejulikana kushoto kwake na juu kwake hauna tena uhuru wowote. Umebaki na namna moja ya kukaa.

Kwa hiyo blanketi la safu sita za mlalo na nne za wima lina maamuzi kumi tu, na kila uamuzi una majibu mawili. Mbili kumi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, 2 × 2 × 2 na kuendelea, zinafanya 1,024. Ndiko ile idadi ilikotoka.

Tulichofanya siku ile, baada ya chai, ni kuchukua chaki na kuandika sakafuni. Kushoto mwa kila safu ya mlalo, herufi moja: M kama inaanza na mwanga, G kama inaanza na giza. Juu ya kila safu ya wima, herufi moja vilevile. Sita kushoto, nne juu. Kisha tukaweka miraba kwa kufuata herufi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na ubishi.

Herufi zote zikiwa M, kushoto na juu, unapata almasi ndogondogo za giza na za mwanga zinazopokezana blanketi zima. Wamarekani wanauita mpangilio huu jua na kivuli, na jina linastahili. Ni mtulivu, hauna katikati, unafaa blanketi lolote hata likiongezwa safu baadaye.

Badilisha kushoto ziwe M G M G M G, juu ziache M zote. Almasi zinafunguka, zinageuka mistari ya kupinda inayopita kutoka upande hadi upande kama radi.

Badilisha na juu ziwe M G M G. Sasa kupinda kumenyooka: mistari ya mshazari, giza, mwanga, giza, mwanga, kutoka pembe hadi pembe. Hajati alipoiona alisema mara moja, "Haya matuta ya viazi." Kwa Kiingereza nao wameiita kwa jina la mifereji ya jembe. Wakulima wa mabara mawili wametazama nguo moja na kuona shamba.

Na sasa ule ambao watu wengi wanautaka lakini hawajui kuufikia. Kushoto: M G M M G M. Juu: M G G M. Utaona kwamba herufi zinajirudia kinyume zinapopita katikati, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Matuta yanavunjika kwenye mstari wa kati, yanageukiana, na unapata almasi moja kubwa iliyozungukwa na nyingine na nyingine, hadi pembeni. Katikati panabaki almasi ya mwanga. Ukitaka katikati pawe giza, badilisha herufi zote kumi: kila M iwe G, kila G iwe M. Ukibadilisha za juu peke yake, G M M G, ukaacha za kushoto kama zilivyo, almasi inapotea na mistari yote inaelekea katikati, inafanya X. Tulipojaribu hilo, binti mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni alidhani tumeleta miraba mingine.

Mpangilio huu wa kioo unadai idadi shufwa ya safu pande zote mbili, ili mstari wa kati upite kati ya miraba. Ukiwa na safu tano, katikati inaangukia ndani ya mraba na almasi haifungi. Matuta na radi hazijali.

Kuvunja kanuni kwa makusudi

Sisemi kwamba nje ya zile 1,024 hakuna uzuri. Kititia, kile cha ukuti ambacho watoto hukimbia nacho upepo ukikizungusha, kinavunja kanuni kabisa. Chukua miraba minne ya pembetatu mbili, mishazari yote ielekee katikati, na kila unayoiweka izungushe robo kuliko iliyotangulia. Kila mahali inapokutana, giza linagusa mwanga. Na ndicho kinachokifanya kizunguke machoni. Kingo zinapopatana, maumbo yanaungana, yanakuwa makubwa na kutulia. Zinapogongana, maumbo yanakatika na jicho halipati pa kupumzika. Ukilijua hilo unaweza kuamua unataka nini. Mimi binafsi, kwa blanketi la kulalia, nataka utulivu. Kitambaa cha meza naweza kukijaza vititia.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko viraka vyetu. Padri Mfaransa, Sébastien Truchet, aliandika mwaka 1704 kuhusu vigae vya mraba vilivyogawanywa kwa mshazari rangi mbili. Alianza na vigae viwili tu vinavyogusana, akapata namna 64 za kuviweka, kisha akaona kwamba zinazotofautiana kweli ni 10. Kwa miraba minne, kama hutahesabu mara mbili kitu kilichozungushwa kizima, zile 256 zinabaki 70. Kati ya 256 hizo, zinazotii kanuni ya ukingo ni 16. Anayetaka kuzoea, aanze na miraba minne mezani ajaribu kuzipata zote 16. Ni kazi ya jioni moja, na mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Kuna njia nyingine za kupanga ambazo sitakaa nazo sana kwa kuwa haziumizi kichwa. Unaweza kutenganisha miraba kwa kanda za rangi moja, kama njia kati ya nyumba. Hiyo inasaidia pale miraba inapotoka mikononi mwa watu tofauti na haifanani, ila inaua kanuni ya ukingo kwa sababu kingo hazigusani tena. Unaweza kupokezana mraba wa viraka na mraba mtupu kama ubao wa drafti, na nusu ya kazi imekwisha.

Unaweza pia kuisimamisha miraba kwenye pembe zake. Hiyo inahitaji hesabu. Mraba wa inchi 10 uliosimama kwenye pembe unachukua upana wa inchi 14 na kidogo, kwani urefu wa mshazari ni upande mara 1.414. Miraba 16 iliyosimama hivyo, minne kwa minne, inaacha mapengo tisa kati yake, kwa hiyo utahitaji miraba 25 kwa jumla, pamoja na pembetatu 12 za pembeni na nne za kona. Pembetatu za pembeni usizikate moja moja. Kata mraba wa inchi 15 na nusu, uugawe kwa mishazari yote miwili upate nne. Ukifanya hivyo upande mrefu, unaokaa ukingoni mwa blanketi, unafuata uzi wa kitambaa. Ukikosea, ukingo utakuwa umekatwa mshazari, utavutika kila ukiguswa, na blanketi litapata mawimbi ambayo pasi haiyatoi.

Na wapo wasiotumia miraba kwa hesabu hizi hata kidogo, nao ni mabingwa. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wengi wao wazao wa waliokuwa watumwa, walishona kanda kuzunguka kipande cha kati hadi blanketi zima likawa mraba mmoja mkubwa, kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston. Na kule India, Karnataka, wako Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Wanawake wao wanaanza kwenye kona na kuzunguka kuelekea katikati, wakipachika viraka kadiri mkono unavyokwenda, na kufunga kila pembe kwa vipande vilivyokunjwa kama ua. Sisi tunaanzia katikati ya mraba tukielekea nje. Wao wanaanzia ukingoni wakielekea ndani. Nikipata nafasi ya kujifunza namna moja zaidi maishani, ni hiyo.

Turudi uani. Hajati alichagua ule mpangilio wa kioo, wenye almasi ya mwanga katikati, kwa sababu alitaka mwanga umkae mtoto kifuani. Tulipomaliza kuweka mraba wa 24, nilipanda juu ya stuli nikapiga picha, nikaiondoa rangi. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka, maana ukiwa umeinama juu ya mkeka unaona vitenge, huoni umbo. Kwenye picha, safu ya nne, mraba wa tatu, ukingo wa giza ulikuwa umekaa kando ya ukingo wa mwanga, wazi kama jino lililong'oka. Chini mkekani, wanawake watano tulikuwa tumeupita bila kuuona.

Nilikuwa nimeshaandika vikaratasi vya kubana kwa pini kwenye mraba wa kwanza wa kila safu, 1 hadi 6, ili tuokote safu moja moja kutoka kushoto bila kuchanganya. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Hajati akausogelea ule mraba, akauzungusha kwa kidole cha mguu hadi giza likagusa giza, tukaanza kuokota safu ya kwanza.